Picha ya Harusi Usiku: Msimwache Mtu Barazani

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako ipo picha ya harusi iliyotundikwa ukutani, nakuomba uitazame kabla ya kuendelea kusoma makala haya. Watazame maharusi, uwafurahie, kisha uwaache na kutazama nyuma yao. Je, unaona mji walimooana, au unaona pazia? Na wale waliowalea, wakawachangia na kuwasindikiza siku ile, wako wapi?

Maswali haya sikuyabuni mimi. Niliyapata mjini Singida miaka michache iliyopita, saa 1 na nusu usiku, kando ya barabara kuu, kutoka kwa mama mmoja mzee ambaye hajapata kushika kamera maishani mwake. Tangu siku ile sijaweza kuitazama picha ya harusi kwa macho niliyokuwa nayo zamani, nami naona si haki kuyaweka maneno yake moyoni peke yangu.

HARUSI ILIYOCHELEWA

Alikuwa akiolewa binti wa dada yangu, yaani mjukuu wa mama mkubwa wangu. Ibada ilipangwa kuanza saa 8 mchana, na ilikubaliwa kwamba ifikapo saa 11 maharusi wawe wamefika ufukoni mwa Ziwa Singidani, wapigwe picha penye majabali huku jua likiteremka. Lakini harusi ina watu, na watu wana safari zao. Gari lililowachukua wazee kutoka kijijini lilipasuka gurudumu njiani, na wazazi wakakataa katakata ndoa kufungwa bila wazee kuwapo. Tulipotoka kanisani na kumaliza kupeana mikono, jua lilikuwa limekwisha kuchwa.

Mpiga picha, kijana hodari mwenye kamera nzuri, hakutikisika.

"Msijali," alisema. "Simameni hapa ukutani. Nitawapiga kwa flashi, kisha nikifika kwenye kompyuta nitaweka nyuma yenu Daraja la Tanzanite na taa zake zote. Watu watadhani mmefunga ndoa Dar es Salaam."

Bibi harusi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu alasiri. Wazee wakaombwa wabaki garini, kwa kuwa upepo ulikuwa umeanza kuvuma, na baridi ya upepo wa Singida wenyeji wanaijua. Ndipo mama mkubwa alipofungua mlango wa gari akashuka, amejitanda kanga mbili, akamwita mjukuu wake.

"Hilo daraja liko wapi?"

"Liko Dar es Salaam, Bibi."

"Wewe umewahi kulivuka?"

"Bado, Bibi."

Mama mkubwa alinyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo nitajitahidi kuyaandika kama alivyoyatamka:

"Mimi na babu yako tulipigwa picha ya harusi mwaka 1974, studio, hapa hapa mjini. Nyuma yetu mpiga picha alitundika pazia lenye meli na bahari. Bahari sijaiona mpaka leo. Baba yangu mzazi alitembea kwa miguu siku nzima kuja kunioza, naye akasubiri barazani, hatua tano kutoka kwenye kamera, kwa sababu chumba kilikuwa kidogo. Mwaka uliofuata akafariki. Hakuacha picha hata moja. Meli ninayo, baba sina."

Hakuna aliyejibu. Lori likapita barabarani, taa zake zikatumulika sote, na kwa nukta moja niliona kila uso uliokuwapo pale: maharusi, wapambe, mashangazi, watoto, na mama mkubwa katikati. Mpiga picha naye aliona. Akaishusha kamera yake, akasema, "Basi tujaribu hapa hapa."

PAZIA LILIKOTOKA

Yafaa tusimlaumu yule mpiga picha wa mwaka 1974. Kazi yake ilikuwa na mipaka yake. Tangu upigaji picha ulipotangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839, mwenye kamera amekuwa mtumwa wa mwanga. Filamu za zamani zilihitaji mwanga mwingi, na njia ya hakika ya kuupata ilikuwa kuwaingiza watu katika chumba chenye taa kali, mbele ya pazia. Aina mojawapo ya filamu iliyotumika sana studio ilitoa picha 12 tu zilizo mraba. Kila picha ilikuwa na gharama ya filamu, dawa na karatasi. Fundi aliyeingiza ukoo mzima, mtoto mmoja akapepesa macho, alikuwa ameharibu mali.

Hata hivyo, mafundi hao walitunza kumbukumbu za miji yetu. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, iliwapiga picha watu wa Unguja kwa vizazi kadhaa, na mwanawe Rohit akaendeleza kazi hiyo. Kule Mombasa, wapiga picha wa kivuko cha Likoni walijulikana kwa vibanda vyenye mapazia ya rangi kali: meli, ndege, maghorofa. Mfanyakazi aliyetoka bara kutafuta riziki alisimama mbele ya ndege asiyoweza kuipanda, akatuma picha kwao. Ilikuwa ndoto, na ndoto si dhambi.

Lakini ndoto ile ilikuwa na sababu: kamera haikuweza kutoka nje usiku kwa urahisi. Siku hizi inaweza. Kuendelea kuweka pazia, hata likiwa limetengenezwa kwa kompyuta, ni kuvaa koti la mvua wakati wa kiangazi.

Tena wapo Waafrika waliotoka nje usiku hata wakati kazi hiyo ilipokuwa ngumu. Mjini Bamako, nchini Mali, Malick Sidibé alikuwa akizunguka usiku katika dansi na sherehe za vijana, kamera na flashi yake mkononi, kisha akisafisha picha na kuzibandika nje ya studio yake ili wenyewe waje kujitafuta. Picha yake mashuhuri ya vijana wawili wakicheza dansi aliipiga usiku wa Krismasi wa mwaka 1963. Hakuwawekea pazia la Paris. Aliwapiga katika mji wao, na mwaka 2007 maonyesho ya sanaa ya Venice, nchini Italia, yalimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Dunia ilikuja kuutazama mji ambao wenyewe waliuona wa kawaida.

SINGIDA USIKU

Huenda msomaji wa Dar es Salaam akauliza: Singida kuna nini cha kupiga picha usiku? Kuna mengi. Mji huu ni njia panda ya nchi. Barabara kuu itokayo Dodoma hupita hapa kuelekea Nzega, na mbele ya huko magari hugawanyika kwenda Mwanza au kuendelea hadi mpaka wa Rwanda. Barabara ya Babati na Arusha nayo huanzia hapa. Kwa hiyo malori ya masafa marefu na mabasi hupita usiku kucha. Maduka huwaka taa, wachoma kuku hupepea makaa, bodaboda hupishana, na juu ya yote hayo yapo yale majabali makubwa ya matale yanayoota katikati ya makazi. Jabali likimulikwa kidogo hurudisha mwanga laini, likawa ukuta ambao hakuna studio inayoweza kuujenga.

Kwanza ujue saa. Singida iko karibu digrii 5 kusini mwa Ikweta, na katika nchi zilizo karibu na Ikweta machweo hayakawii. Jua huchwa kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni hivi, kulingana na majira, na baada ya dakika 20 au zaidi kidogo giza huwa limetanda. Anayetoka pwani akumbuke pia kwamba Singida iko magharibi zaidi, hivyo jua lake huchwa zaidi ya robo saa baada ya lile la Dar es Salaam. Hizo dakika 20 ni dhahabu. Mbingu huwa na rangi ya buluu iliyoiva, taa za maduka zimekwisha washwa, na nyuso bado zinaonekana. Ukiweza kuwafikisha maharusi mahali pake wakati huo, nusu ya kazi imekwisha.

Sisi tulikuwa tumekwisha zipoteza dakika hizo. Ikatubidi kutumia giza lenyewe.

JINSI YA KUUKUSANYA MWANGA

Kosa la kwanza la picha za usiku ni kuitegemea flashi peke yake. Mwanga wa flashi hupungua upesi kuliko watu wanavyodhani. Ukisogea kutoka mita 2 hadi mita 4, mwanga unaomfikia mtu si nusu ya ule wa kwanza, ni robo. Ndiyo maana maharusi hutoka weupe kama waliopakwa unga, wazee waliosimama nyuma yao hufifia, na mji hugeuka shimo jeusi.

Dawa yake ni kuipunguza flashi nguvu na kuiacha kamera ifumbue jicho kwa muda mrefu zaidi. Kijana wetu aliiweka kamera juu ya stendi yake ya miguu mitatu, akafungua lenzi kwa kipimo cha f/2.8, akaweka muda wa sehemu 1 kwa 15 ya sekunde, na ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kunasa mwanga, akaiweka 800. Flashi ilifanya kazi ndogo tu ya kuziangaza nyuso. Mji ulijiangaza wenyewe. Alipotaka taa za malori zichore mistari nyuma ya maharusi, aliuongeza muda ukafika sekunde nzima, akawaomba wote wasimame kama wanaosikiliza wimbo wa taifa.

Kosa la pili linahusu rangi zetu. Kamera inayojipimia yenyewe hudanganyika usiku mara mbili. Giza likijaa, huongeza mwanga hadi shela igeuke karatasi tupu. Shela ikijaa, hupunguza mwanga hadi uso wa bibi harusi uzame. Pima mwanga usoni, si kwenye nguo. Jambo hili lina historia yake. Kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapelekea wasafishaji picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke Mzungu, ikajulikana kama kadi ya Shirley. Picha ilihesabiwa kuwa nzuri pale uso ule ulipotoka vizuri. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana, katika miaka ya 1990. Kwa hiyo picha za zamani ambamo wazee wetu wanaonekana meno na macho tu si kosa la nyuso zao.

Kosa la tatu ni kukata tamaa umeme ukikatika. Zamani harusi zetu zilichezwa kwa mwanga wa karabai, na watu walionana. Gari moja linatosha. Liegeshe ubavuni mwa maharusi, si mbele yao, washa taa hafifu, kisha watu wawili washike shuka jeupe umbali wa mita moja hivi kutoka kwenye taa. Mwanga mkali utageuka laini. Jihadharini tu shuka lisiguse taa, kwa kuwa taa nyingine hupata moto.

Na wewe usiye na kamera ila simu, usijione mnyonge. Ifute lenzi kwa kitambaa laini, maana mafuta ya vidole huitawanya kila taa. Simu nyingi za siku hizi zina mpango wa usiku ambao hupiga picha kadhaa kwa sekunde chache na kuziunganisha. Kwa hiyo egemea ukuta au nguzo, shika pumzi, na waambie wanaopigwa watulie. Usivute picha kwa vidole. Tembea, uwasogelee.

BARABARA SI STUDIO

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Usiku ule wapambe wawili walitaka maharusi wasimame katikati ya lami, kwenye mstari mweupe, kama walivyoona katika picha za watu wengine. Shangazi mmoja aliwafukuza kwa mkoba wake, na alikuwa na haki. Dereva aliyeendesha tangu asubuhi hategemei kukuta shela barabarani. Simameni nje kabisa ya lami, upande wenye nafasi ya kurudi nyuma. Mmoja wenu avae kizibao king'aacho na asifanye kazi nyingine ila kutazama magari. Watoto washikwe mikono. Flashi isielekezwe kamwe kwenye macho ya dereva.

Muombeni mwenye duka ruhusa kabla ya kusimama mbele ya mlango wake. Mara nyingi atafurahi, na huenda akawasha taa ya pili. Kaeni mbali na kambi za jeshi na mahali pengine palipokatazwa kupigwa picha. Na mtu mwingine aliyeko pale kwa shughuli zake, akisema hataki kuonekana, heshimuni neno lake.

NI NANI ATAKAYEKUWAMO?

Haya yote ni ufundi, na ufundi hujifunzwa. Lakini jambo ambalo kamera haiwezi kuamua ni nani asimame wapi. Hilo ni la familia, nalo lapasa kuamuliwa mapema.

Andikeni majina ya wale ambao lazima wawemo kabla ya kumlipa mpiga picha malipo ya awali: wazazi wa pande zote mbili, bibi na babu walio hai, shangazi, mjomba, yule jirani aliyemlea mtoto mama yake alipokuwa kazini. Mpeni mtu mmoja wa familia kazi ya kuwaita. Wazee wapigwe mwanzo, si mwisho, kwa kuwa ndio wanaochoka na ndio wanaopata baridi. Wawekeeni kiti. Mwulizeni mpiga picha atatoa picha ngapi zilizochapwa kwenye karatasi, za ukubwa gani, na lini, nayo yaandikwe. Katika bajeti ya harusi inayojaza chakula na mapambo ya ukumbi, picha iliyochapwa ni gharama ndogo, nayo ndiyo itakayobaki pilau ikisha kusahauliwa.

Wako wanaosema, "Picha zote ziko kwenye simu." Simu huibwa, huanguka majini, huharibika, na picha zikazikwa nayo. Studio ya mwaka 1974 ilitoa picha moja, nayo ipo hadi leo. Harusi za sasa hutoa mamia, na baada ya miaka mitano mtu hana hata moja ya kumwonyesha mwanawe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chapeni picha walau tano. Wekeni nakala kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Na nyuma ya kila picha andikeni kwa kalamu ya risasi tarehe, mahali na majina, kutoka kushoto kwenda kulia.

PICHA YA MAMA MKUBWA

Usiku ule kijana alipiga picha kama thelathini mbele ya safu ya maduka yaliyokuwa bado wazi. Nyingi ziliharibika. Upepo uliipeperusha shela ikafunika uso wa bwana harusi. Katika nyingine bodaboda ilipita mbele. Katika nyingine mtoto alilia. Mojawapo ikatoka.

Katika picha hiyo maharusi wamesimama kushoto kidogo, wameshikana mikono. Nyuma yao mwanga wa duka umemwagika hadi miguuni mwao. Mstari mwekundu wa taa za lori lililopita umeambaa upande wa kulia na kuishia gizani, kuelekea njia ya Nzega. Na katikati, juu ya kiti cha plastiki tulichoazima dukani, ameketi mama mkubwa na kanga zake mbili. Hatabasamu. Anaitazama kamera kama anayemtazama mdeni wake.

Wiki tatu baadaye niliipeleka kijijini, imewekwa fremu. Nilimkuta anapepeta nafaka uani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alinawa mikono kwanza, ndipo akaipokea. Hakuwatazama maharusi. Alianza na watu wa pembeni, akamgusa mmoja mmoja kwa kidole juu ya kioo, akimtaja kwa jina: shangazi, mjomba, dereva wa gari lililopasuka gurudumu, hata mwenye duka aliyekuwa amechungulia mlangoni bila sisi kumwona. Alipomaliza kuwahesabu alirudia tena tangu mwanzo. Kisha akaingia ndani, akatoka na ile picha ya mwaka 1974, yenye meli, akaziweka mbili hizo pamoja juu ya mkeka.

"Ndugu zangu waliobaki wakija," alisema, "nitawaonyesha hii mpya. Na wewe niandikie nyuma ya hii ya zamani."

"Niandike nini, Mama?"

"Andika kwamba baba yetu alikuwapo. Alikuwa barazani."

Nikaandika kama alivyosema, pamoja na jina lake na mwaka. Nawe, ndugu msomaji, kama una picha ya namna hiyo ukutani, na yupo bado anayekumbuka nani alikuwa nje ya mlango siku ile, mwulize jioni ya leo, ukaandike.